Siku 56 bila kula: uchambuzi wa kisa cha chatu-mpira mmoja mjini Minneapolis

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu chatu dume mchanga, mwenye umri wa miezi minne hivi, ambaye mpwa wangu alimnunua katika maonyesho ya wanyama watambaao mjini Minneapolis, Marekani, katikati ya Novemba, akamfikisha nyumbani salama, kisha akakaa naye siku 56 bila mnyama huyo kutia kitu kinywani. Hakuna muujiza wowote katika kisa hiki, na ndiyo sababu nimeona kinafaa kuandikwa kwa ukamilifu: makosa yote yalitokana na hamu ya kusaidia, kila kosa lilizaa jingine, na moja kati ya hayo, lililotugharimu wiki nzima na kutufikisha kwa daktari, lilikuwa langu mimi mjomba mtu, niliyeitwa kuja kutengeneza mambo.

Chatu anayezungumziwa si yule mkubwa wa kwetu anayemeza mbuzi. Ni Python regius, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme na Wamarekani humwita chatu-mpira, kwa kuwa akitishwa mara nyingi haumi wala hakimbii, bali hujiviringa kama mpira na kukificha kichwa chake katikati. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi Uganda, na maelfu kwa maelfu wamesafirishwa kwenda Marekani na Ulaya kutoka Togo, Benin na Ghana, ingawa siku hizi wengi wanaouzwa huko wamezalishwa na wafugaji wa huko huko. Jike aliyekomaa hufikia urefu wa kati ya mita moja na mita moja na nusu, na dume huwa mfupi zaidi. Mjini Ouidah, nchini Benin, chatu hawa wana hekalu lao na hakuna anayethubutu kuwadhuru. Nyumbani kwa dada yangu heshima hiyo ilikuwa bado haijafika.

Kwa anayemfuga, jambo lenye uzito kuliko yote ni namna chatu huyu anavyoishi porini. Mchana hushinda ndani ya mashimo yaliyochimbwa na panya na ndani ya vichuguu vya mchwa, mahali penye giza, joto la wastani na unyevu, ubavu wake ukigusa ukuta huku na huku. Usiku hutoka, au hujiweka mlangoni na kungoja mawindo yapite. Ni mviziaji, si mkimbizaji, na mviziaji asiyejiona salama pale alipojificha hana sababu ya kujitokeza ili ale. Chatu wetu hakuwa amepewa pa kujificha, na karibu kila kitu kilichofuata kilianzia hapo.

Mpwa wangu alikuwa amejiandaa kwa fedha nyingi kuliko maarifa, jambo ambalo simlaumu nalo, kwa maana muuzaji wa vifaa alimuuzia kila alichokitaja. Alinunua tangi la kioo la lita 150 lenye kifuniko cha wavu, taa nyekundu ya wati 100 iliyowaka usiku na mchana bila kidhibiti joto, kipimajoto cha mshale cha kubandika ukutani, bakuli la maji, na nusu ya gogo lililo wazi pande zote mbili. Chatu alikuwa na uzito wa gramu 118. Uzito huo tunaujua kwa sababu muuzaji aliuandika kwenye kibandiko cha kikopo alichomtilia, na kibandiko hicho, ambacho kijana alikihifadhi kama kumbukumbu tu, ndicho kilichotuokoa baadaye, kwani bila uzito wa kuanzia tusingekuwa na kitu cha kulinganishia.

Siku ya pili tu alimpa chakula: mtoto wa panya aliyekuwa amegandishwa kisha akayeyushwa mezani. Chatu aligeuza kichwa. Siku ya nne akajaribu tena, siku ya saba tena, na kila mara, kwa kuwa chatu alikuwa nyuma ya gogo akitazama ukuta, alimtoa kwa mkono na kumweka mbele ya chakula. Jioni alimshika ili amzoee. Jumamosi marafiki walikuja kumwona. Ilipotimia wiki ya tatu, chatu alikuwa akipita kioo kimoja hadi kingine usiku kucha, akisukuma pembe za kifuniko kwa pua, na mpwa wangu akaitafsiri hali hiyo kuwa ni njaa, akaongeza majaribio ya kumlisha. Haikuwa njaa. Chatu wa aina hii anayerandaranda bila kutulia mara nyingi anatafuta pa kutokea.

Siku ya 36 alinipigia simu. «Shikamoo mjomba. Nyoka wangu anakufa.»

«Marahaba. Amepungua gramu ngapi?»

Kimya. Hakuwa amempima hata mara moja. Nyuma yake nilimsikia dada yangu, ambaye usiku hatamki neno nyoka bali husema kamba, kama tulivyofunzwa na bibi yetu, akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka: «Mwulize mjomba wako hiyo kamba inaishi miaka mingapi.» Nikamjibu ukweli, na labda ningeunyamazia: hufikisha kwa urahisi miaka 20 hadi 30, na katika bustani ya wanyama ya Saint Louis kuna jike ambaye mwaka 2020, akikadiriwa kuwa na miaka 62, alitaga mayai 7 ingawa alikuwa hajakaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Dada yangu hakusema kitu tena usiku huo.

Nilifika kesho yake, nikiwa na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kipimajoto cha kidijitali chenye waya wa kuchomeka, na kipima unyevu. Nje ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Jambo la kwanza nililolifanya ni kutokumgusa chatu, bali kulipima tangi. Kipimajoto cha mshale kilisoma nyuzi 29, na mpwa wangu alikiamini kwa wiki tano. Kumbe sakafu iliyo chini ya taa ilikuwa na nyuzi 43, joto la kuunguza ngozi, na upande wa pili ulikuwa na nyuzi 21, baridi isiyomwezesha nyoka kusaga chakula. Kipimo cha mshale kilibandikwa kati ya pande hizo mbili, kikasoma joto la mahali ambapo chatu hakukaa kamwe. Unyevu wa hewa ulikuwa asilimia 24, wakati chatu huyu anahitaji 60 hadi 80. Hilo halishangazi: wakati wa majira ya baridi mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa kabisa, na kifuniko cha wavu pamoja na taa kali huunyonya hata ule unyevu kidogo uliobaki.

Kisha nikampima mwenyewe. Gramu 109. Alikuwa amepoteza gramu 9, yaani kama asilimia 7 na nusu ya uzito wake. Wafugaji wengi huichukulia asilimia 10 kuwa mpaka wa kuacha kungoja na kumwona daktari, na kwa mtoto wa nyoka, asiye na akiba ya mafuta kama nyoka aliyekomaa, mimi huuheshimu mpaka huo zaidi. Kwa hiyo hali ilikuwa ya tahadhari, haikuwa ya msiba. Macho yalikuwa maangavu, ulimi ulitoka mara kwa mara, kinywa kilifungika vizuri, hapakuwa na mapovu puani wala mlio wa kukoroma, na sikuona utitiri kwenye mikunjo ya kidevu. Kitu kimoja tu kilinisumbua: mabaki ya ngozi kuukuu yaliyonata mkiani, ishara ya ukame.

Ni vyema kueleza hapa kwa nini sikuanza na chakula. Mtu anayemwona nyoka asiyekula hufikiri juu ya chakula: pengine kikubwa mno, pengine kidogo, pengine hai. Lakini nyoka aliye katika baridi akila anaweza kukitapika kile chakula, na kutapika humrudisha nyuma kuliko kukaa na njaa. Nyoka asiye na maficho akiletewa panya mdomoni na mkono wa mtu humwona panya kama sehemu ya shambulio. Kila jaribio la kumlisha katika hali ile lilikuwa linamfundisha kwamba harufu ya panya hutangulia kutolewa mafichoni. Wiki tano za majaribio zilikuwa wiki tano za mafunzo hayo.

Tulibadilisha mambo yote kwa siku moja, kwa makusudi, ili asisumbuliwe mara nyingi. Taa nyekundu iliondoka na mahali pake pakawekwa kifaa cha kauri kitoacho joto bila mwanga, kikiunganishwa na kidhibiti joto ambacho kitambuzi chake tulikifunga pale pale chatu atakapolala, si juu ukutani. Tuliongoza joto hadi sakafu ya upande wa moto ikatulia kwenye nyuzi 32 na upande wa baridi kwenye 25. Robo tatu ya kifuniko tulizifunika kwa karatasi ya alumini, tukiiacha wazi sehemu ya kifaa cha joto. Karatasi za magazeti zilizotandikwa sakafuni zikatoka, zikaingia nyuzi za ganda la nazi kwa kina cha sentimita 8, na maji yakamiminwa pembezoni ili sehemu ya chini iwe nyevu na ya juu ibaki kavu. Kunyunyiza maji kila saa, ambako watu hukupenda kwa sababu kunaonekana kama kazi, hulowesha juu na kukauka kabla ya jioni. Pande tatu za kioo zilifunikwa kwa karatasi nyeusi kwa nje.

Maficho ndiyo yaliyonichukua muda. Nusu ya gogo ni pambo. Nilichukua visanduku viwili vya plastiki vya rangi nyeusi vinavyofanana kabisa, nikavipindua, nikakata kila kimoja mlango wa upana wa sentimita 4, na kuviweka kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi. Sababu ya kufanana ni kwamba nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Sababu ya udogo ni kwamba akijikunja ndani, mgongo wake uguse dari na mbavu ziguse kuta. Mpwa wangu alivitazama akasema ni vidogo mno, kama jeneza. Nikamwambia kwamba hata shimo la panya si sebule. Nafasi iliyobaki kati ya visanduku tuliijaza majani ya plastiki na mabomba ya karatasi ngumu, hadi sakafu ikawa haionekani.

Baada ya hapo nilimpa mpwa wangu sharti ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko gharama zote: siku 10 bila chakula, bila kumshika, bila wageni, kubadilisha maji tu, na mizani mara moja kwa wiki. Siku ya tatu alinitumia ujumbe kwamba hajamwona kabisa na anahofia amekufa. Nilimjibu kwamba kutoonekana ndiyo habari njema. Siku ya tano macho ya chatu yalikuwa meupe kama maziwa, dalili kwamba anajiandaa kujivua ngozi, na nyoka aliye katika hali hiyo kwa kawaida hataki kula. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, siku ya 46, aliivua yote kwa kipande kimoja, kuanzia midomo hadi ncha ya mkia, pamoja na yale mabaki ya zamani. Kijana aliipiga picha juu ya meza ya chakula. Sitaeleza dada yangu alisema nini.

Hapa ndipo linapoingia kosa langu. Siku ya 49 nilikwenda mwenyewe kumlisha, nikiwa na uhakika wa mtu aliyefanya kazi yote ngumu. Nilichagua mtoto wa panya wa gramu 15, kadiri ya asilimia 14 ya uzito wa chatu, nikamyeyusha ndani ya jokofu usiku kucha, nikampasha katika maji moto, nikamleta kwa koleo mlangoni mwa maficho. Chatu alitoa ulimi mara tatu. Kisha akakirudisha kichwa chake ndani, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asitake kumkera mgeni. Tuliacha chakula mlangoni usiku mzima. Asubuhi kilikuwa vile vile. Mizani ilisoma gramu 106. Tulikuwa tumeuvuka mpaka wa asilimia 10.

Siku ya 51 tulimpeleka kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama watambaao, akiwa ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa na kuwekwa katika sanduku la kuhifadhia barafu, safari hii likiwa na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa taulo. Daktari alimfungua kinywa, akausikiliza mwili, akaangalia magamba kwa lenzi, asione ugonjwa. Alikataa kumlisha kwa mrija, akieleza kwamba kwa nyoka aliye macho na mwenye misuli mizuri, kumlazimisha ni kumwongezea hofu ileile inayomzuia kula, na kwamba turudi iwapo atashuka chini ya gramu 100. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza wiki mbili nyuma: «Kwa muuzaji alikuwa akila nini?»

Mpwa wangu alijibu kwa Kiingereza, na nilipolisikia neno alilolitumia nilijiona mjinga. Siku ya kwanza niliyofika nilikuwa nimemwuliza swali hilo hilo kwa Kiswahili, naye akanijibu, «Panya, mjomba.» Kwa Kiswahili chetu panya ni panya: yule mdogo wa darini, mwenye uzito wa gramu 20 akikomaa, na yule mkubwa wa mtaroni anayezidi gramu 300, wote tunawaita kwa jina moja. Kwa chatu-mpira hao ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu hutambua chakula kwa harufu, na chatu mchanga aliyeanzishwa kwa harufu moja anaweza kukataa nyingine kama mtu asiyejua kwamba kile ni chakula. Muuzaji alimkuza kwa vipanya vidogo vilivyo hai. Sisi tulikuwa tukimletea watoto wa panya wakubwa, tangu siku ya pili hadi siku ya 49, na mimi niliyejidai mtaalamu niliendeleza kosa bila kuuliza ni panya gani.

Kijana alitaka basi tununue kipanya hai, kwa hoja kwamba ndicho alichokizoea. Nilikataa. Panya aliye hai akiachwa na nyoka asiyetaka kula humtafuna, na nimeona mgongo wa chatu uliotafunwa hadi nyama. Ni kovu ambalo halifutiki. Hoja yangu ilikuwa kwamba tubadilishe jambo moja tu, harufu, na tuone.

Siku ya 56, saa tatu za usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa na mwanga wa ukumbini tu ukiingia, tulimleta kipanya wa gramu 10 aliyeyeyushwa. Safari hii nilisimamia joto lake kwa kipimo: nyuzi 38 kwenye ngozi, kichwa kikiwa na joto zaidi kidogo, manyoya yakiwa yamekaushwa kwa mashine ya nywele. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na panya baridi gizani kwake ni sawa na jiwe. Nilimshika kipanya kwa koleo ndefu mgongoni, nikamsogeza ubavuni mwa mlango wa maficho, si usoni, kama mnyama anayepita na shughuli zake.

Ulimi ulitoka mara moja, ukarudi, ukatoka tena, sasa polepole, ukining'inia hewani kabla ya kurudi. Kisha ulimi ukaacha kutoka. Shingo ilijikunja taratibu na kuwa umbo la herufi S, kichwa kikabaki pale pale mlangoni, bila kutikisika, kwa muda niliouona mrefu mno. Mpwa wangu alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono. Sikuuona mruko wenyewe. Nilihisi tu koleo likivutwa, na nilipotazama, kipanya kilikuwa tayari kimezungushiwa pete tatu za mwili, nusu ndani ya maficho na nusu nje. Nililiachia koleo mle mle kwa kuogopa kulivuta. Dakika 20 baadaye mkia mdogo mweupe ulikuwa umebaki mdomoni kama uzi, kisha haukuwapo.

Kijana alitaka kumpima hapo hapo. Nilimzuia: nyoka aliyekula haguswi kwa muda usiopungua saa 48, asije akatapika. Alikula tena baada ya siku 7, na wiki iliyofuata, na baada ya mlo wa nne mizani ilisoma gramu 122, juu ya uzito alionunuliwa nao. Kumshika kulirudi taratibu, dakika 5, kisha 10, siku mbili kwa wiki, na mikono kuoshwa kwa sabuni kila mara, kwani wanyama watambaao hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Kwa sababu hiyo hiyo uyeyushaji wa vipanya ulihamishwa kutoka jikoni kwa dada yangu na kupewa beseni lake bafuni, hatua ambayo ingepaswa kuchukuliwa tangu mwanzo.

Lilibaki suala la kumhamishia kwenye panya wakubwa, kwa maana chatu aliyekomaa akila vipanya vidogo atahitaji kadhaa kwa mlo mmoja, na friza ya dada yangu ina mipaka yake. Tulisubiri mlo wa saba, mwishoni mwa Februari. Mtoto wa panya mkubwa wa gramu 14 aliyeyeyushwa ndani ya mfuko mmoja na kipanya kidogo, wakasuguliwa pamoja, akapashwa joto, akaletwa mlangoni ubavuni kama kawaida. Chatu alisita kwa ulimi mara tano au sita, akamchukua. Katika daftari la chatu mpwa wangu aliandika tarehe, gramu na aina ya chakula, kisha akarudi nyuma kwenye kurasa zote za Novemba na Desemba, na kila palipoandikwa «panya» akaongeza pembeni, kwa wino mwekundu, «mkubwa».